Émérence wa Mitondo

Sahani ilimpata Émérence juu ya jicho. Niliiona ikiruka, maana mlango wangu na mlango wake ilitazamana pale kambini Shituru, na mimi si mtu wa kufunga mlango majirani wakipigana. Viwavi vilimnata kwenye nywele, mafuta ya mawese yakamchuruzika pamoja na damu mpaka kidevuni, na mumewe Théodore alikuwa amesimama mbele yake akifungua mkanda.

"Unanipatia bidudu nikule?" alimwambia. "Minye niko muntu wa kampuni. Bidudu upelekee mama yako kule ku pori."

Akampiga kwa mkanda mpaka pumzi ikamwishia yeye mpigaji. Haikuchukua muda, kwa sababu Théodore alikuwa na tumbo lililoingia chumbani kabla ya mwenyewe. Aliangukia kitini jasho likimtoka, akamtuma binti yao Colette bia. Mimi nilivuka uwanja na beseni la maji. Émérence alikuwa ameinama, anaokota viwavi kimoja kimoja sakafuni na kuvirudisha sahanini.

"Acha hiyo, Mama Colette," nikamwambia. "Unatoka damu."

"Batoto habayakula bado, Mama Arielle," akasema. "Batakula hizi."

Mimi naitwa Mado, mama yake Arielle. Nauza mikate ya kukaanga tangu ujana wangu. Habari za Émérence nazisimulia kwa hasira, nakuambia mapema, kwa sababu mji huu wa Likasi una midomo mirefu na umemsema sana, na katika hao wasemaji hakuna hata mmoja aliyemletea beseni la maji. Leo anakaa kando ya barabara ya Kakanda, analinda machipukizi ya miti kwa panga, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havipo. Wapita njia wanamwita kichaa. Wacha waseme.

Miaka ile ya mwanzo wa tisini kampuni ya migodi ilikuwa bado inatulisha. Posho ilitoka kila mwezi: unga, mafuta, sukari, nyama ya kopo, na kwa wasimamizi wa zamu kama Théodore, katoni za sardini. Basi lilimchukua mlangoni na kumshusha kwenye geti la kiwanda, geti ambalo ungeliona ukisimama barazani kwake. Sombe, majani ya muhogo, hakutaka, lengalenga, mchicha wetu, hakutaka, maharagwe alisema ni ya wafungwa. Alitaka mkate na majarini, chai ambayo kijiko kinasimama kwa sukari, na sardini mchana na jioni. Muuguzi alimwambia damu yake ina sukari, aache bia, atembee kwa miguu. Alirudi akicheka. Kutembea, alisema, ni kwa yule aliyekosa kazi. Na sisi wanawake tulilisifu tumbo lile, tukiwaambia waume zetu wembamba wamtazame mwenzao anavyokula vizuri.

Émérence alitoka kule Kakanda, porini, kwenye msitu wa mitondo. Mutondo ni mti ambao vipepeo hutaga mayai juu yake, na mvua zikishashika, majani yake hujaa viwavi, ambavyo sisi tunaviita finkubala. Vikiwa vidogo hakuna ruhusa ya kuvigusa. Ukikutwa navyo unatozwa kuku na matusi juu. Vikinenepa, mwenye msitu anachuma vya kwanza, anavipika mbele ya watu wote, kila mmoja anaonja, na hapo msitu umefunguliwa. Hakuna anayechuma kwa shoka. Unavuta tawi kwa fimbo yenye ndoano, unalirudisha lilipokuwa. Mwenye msitu ule alikuwa mama yake Émérence, Kaku Orpa, kaku kwetu ni nyanya, na baada yake angekuwa Émérence mwenyewe.

Théodore hakuyajua hayo na hakutaka kuyajua. Alizaliwa kambini, akakulia kambini, chakula akakiona kinashuka kwenye lori. Siku moja nilimsikia akimwambia mkewe kwamba finkubala zinashuka na mvua, zinatoka mbinguni kama posho, na watu wa porini wanajifanya wameziotesha wao. Nilicheka mpaka nikaangusha unga. Laiti ningejua ujinga ule ungetufikisha wapi.

Kisha posho ikakatika. Kwanza ikachelewa, halafu ikaja nusu, halafu ikaja siku ile ya mwisho. Nyumba ya pili kutoka kwangu ilikuwa tupu tangu majirani zetu waliotoka mkoa wa Kasai walipofukuzwa mjini kama wageni, na mitaani watu walikuwa wamezoea kuumizana. Pale kwenye ghala la posho walivunja mlango. Mwanamke mmoja alikandamizwa ukutani mpaka mbavu zikalia. Wanaume walipigana kwa mawe ya mizani, wakapasuana vichwa kwa ajili ya mfuko wa unga uliokwisha kumwagika. Théodore aliingia naye. Alifika katikati ya uwanja, pumzi ikamwishia, akaanguka, na vijana aliokuwa akiwaamuru kazini wakamkanyaga mgongoni kwenda kuchukua vyao. Alirudi na shati limechanika, jino moja halipo, na kopo moja la sardini kwapani. Alilila peke yake, mlango umefungwa.

Tangu hapo kazi yake ikawa kukaa barazani kusubiri basi. Basi halikuja. Nyaya za umeme zikaibiwa, majiko yetu ya umeme yakawa meza za kuwekea ndoo, na kila mtu akawa anapika kwa makala, mkaa wa miti. Miti ya barabarani ikakatwa, kisha miembe ya viwanja, kisha vilima vya karibu vikabaki vichwa vya upara. Théodore akayeyuka. Lile tumbo likaning'inia kama mfuko mtupu, lakini mkono wa kupiga ulibaki. Alimpiga Émérence kwa ajili ya chumvi. Alimpiga kwa ajili ya sukari ambayo mji mzima haukuwa nayo.

Émérence yeye alikuwa barabarani. Alitembea mpaka kwa mama yake, akalima huko, akarudi na mzigo kichwani: muhogo, majani, na msimu ukifika, gunia la viwavi vilivyokaushwa. Shingo yake ikawa ngumu, vigimbi vya miguu vikajaa. Mimi nilibaki na mikate yangu ya unga na maji. Arielle wangu alikula bukari, yaani ugali, asubuhi, bukari jioni, bila kitoweo, na akaanza kuvimba. Miguu kwanza, kisha uso. Nywele zikawa nyekundu, ukizivuta zinatoka mkononi bila yeye kulia. Watoto wawili wa mtaa wetu walikwisha kuzikwa hivyo, wamenona kwa kuwatazama, kumbe wamekufa njaa. Nililia hadharani, sikuona haya.

Émérence alikuja na bakuli. Alikuwa ametwanga viwavi vikavu mpaka vikawa unga, akauchanganya na uji, akamlisha mtoto wangu kwa kidole chake. Alifanya hivyo kila siku. Uvimbe ukashuka, Arielle akaanza kukorofisha watu tena, nami nikajua neno moja tu: msitu wa Kaku Orpa ukiwepo, mtoto wangu yupo.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, akatokea Pitshou. Alikuwa mlinzi zamani, sasa alikuwa na kamyo, lori la mizigo, na vijana wenye mashoka, anauza makala mjini. Alikaa barazani na Théodore, wakanong'ona. Kesho yake kamyo ilishusha katoni za sardini kwenye nyumba ya Émérence, zimepangwa mpaka dirishani, za wizi bila shaka. Théodore akafungua kopo moja, akanywa hata mafuta yake.

"Tumerudia bantu," akaniambia, midomo inang'aa. "Bibi yangu Émérence akirudia, ataniomba pardon."

Nikamwuliza amempa Pitshou nini. Akasema hakumpa kitu, amemwonyesha njia tu, miti ni ya Mungu. Nikamwambia, "Papa Colette, na finkubala?"

"Mama Arielle, weye nawe. Finkubala zinakuyaka na mvula. Mvula inakatwa na shoka?"

Niliacha mikate kwenye mafuta, nikafunga kikwembe kiunoni, nikawaita wanawake wanne wa mtaa, tukaenda. Émérence alikuwa ametangulia jana yake, maana siku ya kufungua msitu ilikuwa karibu. Asubuhi ya pili tulianza kuyasikia mashoka kabla hatujauona msitu.

Mitondo ilikuwa imelala. Mti juu ya mti, majani bado mabichi, na juu ya majani viwavi vinatambaa kwa maelfu, vidogo, havijanenepa, vinatafuta tawi la kupanda. Vijana walivikanyaga bila kutazama. Tanuru mbili za kwanza zilikuwa tayari zinawaka, zimefunikwa na udongo, moshi mweupe unatoka pembeni, na harufu yake ilikuwa ya chakula.

Théodore alikuwa amefika kabla yetu na kamyo, anaamuru watu kama siku za zamani. Kaku Orpa alikuwa ameketi chini, kilemba kimeanguka, damu inamtoka mdomoni. Alikuwa ameshika shina la mti kwa mikono miwili, na kijana mmoja wa Pitshou alimng'oa kwa teke. Mkwe wake alikuwa anaangalia pembeni.

Émérence akatokea mbio kutoka upande wa shamba. Aliokota fimbo ya ndoano ya mama yake, akamkita yule kijana shingoni, akamvuta chini, akampiga kwa kisigino usoni mpaka pua ikalala upande. Hapo vita vikaanza. Tulikuwa wanawake sita na bibi kizee mmoja, wao walikuwa wengi na wana chuma. Mimi nilimrukia mmoja mgongoni, nikamuuma sikio, na sikuliachia mpaka nilipoona chumvi ya damu imejaa kinywani. Nilipigwa ubapa wa panga mgongoni. Bado panauma mvua ikinyesha. Mwenzetu Rosalie alivunjwa mkono, nikausikia ukivunjika. Pitshou alimfuata Émérence kwa panga. Émérence alijikinga kwa mkono wa kushoto, na vidole viwili vikaanguka kwenye majani, pamoja na viwavi.

Théodore akaja naye. Alimshika mkewe kwa kikwembe, akainua mkono kama alivyozoea. Émérence akaudaka. Akaudaka kwa ule mkono mzima, mkono wa jembe na magunia, akaukunja nyuma mpaka Théodore akapiga magoti na kulia kwa sauti ya mtoto. Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi sana.

"Muache bwana yako," Pitshou akasema, panga limeinuliwa, "ao nitakata kichwa."

Ndipo Kaku Orpa alipoinuka. Alijifuta mdomo, akatembea taratibu mpaka katikati ya wanaume wale, akashika fundo la kikwembe chake.

"Théodore," alisema. "Batoto ba bantu, na ninyi pia. Mulikuya kwa mashoka. Muangalie basi mulango ule bibi yako Émérence alitokea, mukate nao."

Na akaanza kufungua.

Kwetu huko hakuna laana inayopita hiyo. Mama mzee akikuonyesha uchi wake kwa hasira, umekwisha, hutazaa, hutashiba, mikono yako itakauka. Vijana wale, waliopora maghala na kukata watu mapanga, walitupa mashoka wakakimbia, wengine wamejifunika macho kwa mashati. Pitshou alikuwa wa kwanza kufika kwenye kamyo. Hata waliojiita walokole walikimbia.

Émérence alikuwa amemwachia mumewe. Théodore alikuwa amedharau kila kitu cha porini: chakula chake, miti yake, lugha yake. Lakini uchi wa mama mkwe aliuogopa, hilo alilinyonya na maziwa hata kule kambini. Alijifunika uso kwa viganja, akageuka, akarudi nyuma nyuma asijue anakanyaga nini. Akapanda juu ya tanuru. Mchoma makala wa kweli hakanyagi tanuru inayowaka bila kuipima kwa mti, maana ndani kuni zimekwisha kulika na udongo wa juu ni ganda. Théodore alikuwa mtu wa kampuni. Ganda likapasuka, akazama mguu mmoja mpaka pajani, ndani ya moto.

Sauti ile siwezi kuiiga. Aliita jina la mkewe. Sisi wengine tulisimama, na mimi miguu yangu haikusogea, wala sikuitaka isogee. Émérence ndiye aliyekwenda. Alimshika chini ya kwapa, mkono wake uliokatwa unamwaga damu kifuani mwa Théodore, akamchomoa. Nyama ya mguu ilibaki na suruali kule ndani. Akambeba mgongoni mpaka barabarani, mwanamume yule, na hapo wakapata baiskeli.

Hospitalini walimkata mguu juu ya goti. Kidonda hakikufunga. Daktari akasema ni ile sukari ya damu, na mgonjwa ale vizuri, ale nyama, samaki, mayai. Alimwambia Émérence hivyo, mwanamke mwenye mkono uliofungwa matambara, kana kwamba yote hayo yalikuwa nje kwenye gari.

Kule msituni tuliokota tulichoweza. Viwavi vya miti michache iliyobaki imesimama vilipewa nafasi ya kunenepa, Kaku Orpa akavipika vya kwanza kwa mdomo uliovimba, kila mmoja akaonja. Vilipokauka vilijaa gunia moja. Hilo ndilo lilikuwa la kutufikisha msimu mwingine, watoto wa mtaa mzima, na Arielle ndani yao.

Théodore alirudishwa nyumbani na magongo. Émérence alimfungulia sardini, asubuhi, mchana, jioni, na yeye alikula zote, makopo matupu akiyarusha ukutani. Siku sardini zilipokwisha akaomba viwavi. Aliomba kwa upole. Émérence akampa bukari na lengalenga.

"Na finkubala?" akauliza.

"Ile ni ya batoto."

"Minye njo mugonjwa. Docteur alisema."

"Alisema. Ulikula miti, Théodore. Ulikula miti yote na mafuta yake."

Jioni ile Colette alikuwa anakula kando ya kitanda. Théodore aliinua gongo, akampiga mtoto wake kichwani, akanyang'anya sahani. Colette alianguka, akatapika, siku mbili hakujua jina lake. Émérence aliutoa mkono wake kwenye kichwa cha mtoto, akauona mwekundu. Akachukua magongo yote mawili, akayavunja kwa goti, akayapikia kama kuni siku ileile. Kitanda cha mumewe akakivuta chumba cha nyuma. Alimwogesha, alimbadilishia matambara ya kidonda, hakumtukana. Chakula kilikuwa bukari na majani. Mvua zilipokwisha, Théodore naye akaisha.

Alimuua? Wanaosema alimuua kwa njaa waje kwangu nipate kuwauliza wangemnyang'anya mtoto yupi. Mimi jibu langu lilikuwa limeketi jikoni, linasuka nywele nyeusi.

Ndugu zake Théodore walikuja kwenye msiba na kamyo tupu. Kwetu mume akifa, ndugu zake wana swali moja kabla ya jeneza kutoka: alikula nini, na nani alipika. Jibu likiwakera wanampiga mjane, na likiwafurahisha bado wanabeba vyombo. Kaka yake mkubwa, Joachim, alimkamata Émérence nywele, akamburuta mpaka uwanjani, akamwekea goti kifuani. Wengine walikuwa na fimbo. Mmoja alishampiga mdomoni.

"Sema," Joachim alisema. "Ndugu yetu alikulaka nini?"

Émérence aliangalia juu, akafungua kinywa. Namjua, angesema kweli.

"Sardini," nikasema mimi. "Mukubwa, enda uangalie mwenyewe pale chini ya ukuta."

Joachim alimwachia nywele, akaenda. Makopo yalikuwa rundo mpaka magotini, yameanza kushika kutu. Aliokota moja, akalinusa, akaanza kulia mbele ya watu wote.

"Njo muntu wa kampuni," alisema. "Alikula muzuri mpaka mwisho."

Hawakumpiga tena. Walibeba vitanda, meza, redio iliyokufa na jiko la umeme. Walipita jikoni, wakawakuta Colette na Arielle wameketi pamoja juu ya kitu kilichofunikwa na kikwembe, na hakuna mtu anayewainua watoto siku ya msiba. Kamyo ilipoondoka tuliwaambia watoto washuke, tukafungua gunia, tukaloweka viwavi vya jioni.